Kabla ya Kufuata Mchoro wa Kito, Lijue Jiwe Lako

Mwaka jana mama mmoja wa hapa Kisumu aliniletea amethisti yake pamoja na mchoro wa kuikatia: kito cha duara ambacho, ukikitazama kwa juu, unaona ua la petali sita. Nikaupenda mchoro ule papo hapo. Gurudumu la mashine yangu, lile linalogawa mzunguko wa jiwe, lina meno 96, kwa hiyo kila petali ilipata meno 16 bila kubaki kitu. Nikalibandika jiwe kwenye kijiti kwa nta, nikakata safu kuu ya nyuso za upande wa chini kwa pembe ya nyuzi 38, kama ilivyoandikwa.

Siku nne baadaye nikakiweka kito kiganjani. Katikati yake niliiona mistari ya kiganja changu, wazi kabisa. Ua halikuwepo. Hilo ndilo tunaloliita dirisha: mwanga unapenya hadi chini badala ya kurudi machoni.

Mchoro ule ulitengenezwa kwa ajili ya ganeti, jamii ya vito ambamo imo tsavoraiti ya kijani ya Taita Taveta. Namba yake ya kupinda mwanga ni kama 1.74, kwa hiyo nyuzi 38 zinaitosha. Amethisti ni aina ya jiwe la kwatzi, namba yake ni kama 1.54; nyuso za chini zikilala chini ya nyuzi 40 na nusu hivi, mwanga unatoroka. Namba hiyo huandikwa kwenye mchoro wenyewe, mara nyingi kwa herufi R.I. (kwa Kiingereza, refractive index). Itafute kabla hujawasha mashine.

Ukirekebisha, usiongeze nyuzi tano tano kila safu, nyuso hazitakutana kwenye ncha. Mimi niliipandisha safu kuu hadi 43. Gawanya tanjenti ya 43 kwa tanjenti ya 38, unapata kama 1.19. Zidisha tanjenti ya kila pembe ya upande wa chini kwa hiyo, kisha uirudishe kuwa nyuzi. Safu ya 60 ikawa 64.2, wala si 65. Hesabu ya meno ya gurudumu usiibadilishe.

Nilimpigia simu mwenye jiwe kabla ya kukata upya. "Mama, nimekosea, na kito kitapungua kutoka milimita 12 hadi kama 10."

Akanyamaza kidogo. "Lakini ua litaonekana?"

Nilipomaliza kuking'arisha kwa unga wa seriamu, nilikipeleka dirishani, nikakigeuza taratibu. Petali zote sita zilikuwepo.