Barua kwa mwanangu: nani aliyembeba Mchungaji Mwema?

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Picha ya kile kisanamu cha pembe ya ndovu cha Yesu Mchungaji Mwema ulichokiona makumbusho huko Lisbon, chenye maandishi "Goa, karne ya 17", yaani koloni la zamani la Wareno huko India, imenifikia. Umeniuliza: "Baba, vitu vidogo vya ibada vilienea vipi duniani zamani zile? Ni mapadre tu waliovibeba?"

Mapadre walivibeba, ila walikuwa wachache mno kuweza kazi yote ile. Rozari, medali na vipande vya nta ya mshumaa wa Pasaka vilivyobarikiwa na Papa na kupigwa chapa ya Mwanakondoo vilienea kwenye mifuko ya mabaharia, askari na wafanyabiashara. Ni vyepesi, na ni rahisi kuvificha. Uingereza ilipopiga marufuku kuviingiza nchini mwaka 1571, ilijua vinaingiaje.

Sasa itazame vizuri picha yako. Mtoto Yesu amekaa juu ya mwamba, amefumba macho, shavu kaliegemeza mkononi; kondoo mmoja yuko begani, mwingine mapajani. Chini yake wanyama wanakunywa chemchemini, na chini kabisa, pangoni, amejilaza Maria Magdalena. Wataalamu wengi wanauona mkao ule kuwa wa Buddha. Mimi nakubaliana nao, kwa sababu mafundi walikuwa wenyeji wa India, na mkono wa fundi hausahau ulichozoea kuchonga.

Na ile pembe je? Pembe nyingi zilizouzwa Goa na Gujarat zilitoka upande wetu wa bahari: Sofala, Kisiwa cha Msumbiji, Mombasa. Zilishuka kutoka bara mabegani mwa watu, zikapakiwa, zikavushwa na upepo wa kusi hadi India. Zikichongwa, zilipanda meli tena, zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka hapo ulipo. Huenda kabisa ulikuwa unamtazama tembo wa Afrika Mashariki, mwanangu. Maandishi ya pale yanaitaja Goa peke yake, na hilo linaniuma. Mpagazi aliyeitoa pembe bara naye alimbeba Mchungaji Mwema, japo hakujua pembe ile ingekuwa nini.

Manila nako, huko Ufilipino iliyotawaliwa na Hispania, kulikuwa na kazi kama hiyo. Wachongaji Wachina waliiga sanamu za Ulaya kwa ustadi hata Askofu Domingo de Salazar akamwandikia mfalme wa Hispania mwaka 1590 kuwasifia Mtoto Yesu wao wa pembe. Kuanzia 1565 hadi 1815 merikebu za Manila zilivuka Pasifiki hadi Acapulco. Toka hapo nyumbu waliipitisha mizigo nchi kavu ya Mexico hadi Veracruz, ikapanda meli za Hispania. Yaani mfano uliotoka Ulaya ulirudi Ulaya umechongwa na Mchina.

Kongo hawakungoja kuletewa. Baada ya mfalme Nzinga a Nkuwu kubatizwa mwaka 1491, mafundi wao walianza kusubu misalaba ya shaba wenyewe, Kristo akiwa na sura ya Kikongo, na wakuu wakaishika kama alama ya mamlaka.

Linalonigusa kuliko yote ni la Japani. Ukristo ulipigwa marufuku huko mwaka 1614, na medali zikawa ushahidi wa kumhukumu mtu. Mwaka 1637 wakulima wa Shimabara, wengi wao Wakristo, waliasi kwa sababu ya kodi na mateso, wakajifungia katika ngome ya Hara. Mwaka uliofuata ngome ilitekwa, na karibu wote wakauawa. Waliochimba magofu yake miaka ya karibuni wamekuta misalaba midogo ya risasi, ile ile ya kwenye bunduki. Hakukuwa tena na meli ya kuwaletea kitu. Waliyeyusha risasi zao wakatengeneza misalaba.

Mama yako anakusalimu sana, na wadogo zako pia.

Baba yako