Babu hakumbuki mwaka, anakumbuka sarafu

Swali: Babu yetu, mzaliwa wa Njombe, alikwenda manamba Tanga, yaani kibarua cha mkataba kwenye mashamba ya mkonge, akiwa kijana. Desemba hii wajukuu tunataka kumpitisha tena njia ile na kuandika habari zake. Tatizo, kila tukimuuliza mwaka anajibu "zamani za Mwingereza", basi. Mwaka tutaupataje? – Mjukuu, Makambako

Jibu: Acheni kumuuliza mwaka. Mzee akibanwa sana atautaja wowote ili awaridhishe, na mkishauandika daftarini hautoki tena. Muulizeni vitu alivyovishika na alivyovipanda.

Anzeni na fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja, simba upande wa pili. George wa Tano alifariki Januari 1936, George wa Sita Februari 1952. Akisema alilipwa noti yenye picha ya Malkia, hapo mko 1953 au baadaye. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Senti zenye tundu ziacheni, zilitumika miaka mingi mno. Na mkumbuke kwamba fedha ya zamani hukaa mifukoni muda mrefu: inawaonyesha mwaka wa mapema kabisa anaoweza kuwa amesafiri, wa mwisho haiuonyeshi.

Kisha muulizeni nani alimwandikisha. Akitaja SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokusanya vibarua, ni 1944 au baada ya hapo, maana ndipo ilipoanzishwa. Muulizeni pia alimaliza vipande vingapi. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku asiyoingia shambani haikuhesabiwa. Kwa hiyo vipande 12 ni zaidi ya mwaka mmoja, na wanaohesabu kipande kimoja kuwa mwezi hukosea papo hapo.

Swali zuri kuliko yote ni la treni. Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa mbalimbali hadi 1963, zilipounganishwa kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Kama alishuka treni, akapakiwa lori, kisha ndipo akafika Korogwe, mko kabla ya mwaka huo. Kama alikwenda kwa reli moja kwa moja, mko baada yake.

Jihadharini na safari mbili zilizoungana kuwa moja. Wengi walikwenda manamba, wakarudi kuoa, wakaenda tena. Dalili, ingawa si uthibitisho, ni hii: masimulizi yaleyale yana sarafu ya George wa Tano na mkutano wa TANU, chama kilichozaliwa Julai 7, 1954. Msimkatize kumsahihisha. Siku ya pili muulizeni, "Babu, safari hiyo bibi alikuwa ameshakuja nyumbani?" Atazitenganisha mwenyewe.

Kuhusu njia: msiifanye kwa siku moja. Laleni Iringa, kisha Morogoro, ambayo ni kama kilomita 300 kutoka Iringa, halafu Korogwe kupitia Chalinze. Mlima Kitonga mteremke mchana. Korogwe ya Desemba ina joto ambalo mzee wa Njombe hajalizoea, kwa hiyo shambani mwende asubuhi. Jina la shamba mlipate kabla ya kuondoka, na stesheni aliyoshukia pia, kwani mashamba mengi yamebadilisha wenyewe na stesheni ndiyo itakayowaelekeza.

Swali: Baba anadai aliondoka "Iringa" kwa treni ya TAZARA mwaka 1977. Kaka yangu anamcheka, anasema Iringa hakuna reli. Nani mkweli? – Msomaji, Uyole

Jibu: Kaka yako anaijua ramani ya leo tu. TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, kwa hiyo mwaka hauna shida. Mji wa Iringa kweli haiupitii: inatoka Mlimba, inapanda hadi Makambako, ndipo inaelekea Mbeya. Lakini Makambako wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe umekatwa kutoka Iringa mwaka 2012. Baba alitaja mkoa, kaka akasikia mji.

Kosa hilihili liko upande wenu. Mtu wa Vwawa au Tunduma aliyezaliwa miaka ya themanini alizaliwa Mkoa wa Mbeya, ingawa kwao leo ni Songwe, mkoa wa 2016. Katika daftari la familia andikeni majina yote mawili: mahali na mkoa wa wakati ule, kisha mkoa wa sasa.

Swali: Mama anataka tuone alipozaliwa. Tulifika kijijini, akasema si hapo. Amesahau? – Binti, Mafinga

Jibu: Huenda hajasahau chochote. Katika Operesheni Vijiji, hasa 1973 hadi 1976, watu walihamishwa kwenye vijiji vya pamoja, na jina la kijiji cha leo linaweza kuwa mbali na nyumba ya zamani. Ulizeni mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Msimuulize mwenyekiti wa kijiji peke yake. Tafuteni mzee anayechunga ng'ombe au anayegema ulanzi upande huo, maana ndiye anayezijua njia zisizotumika. Mahame hutambulika kwa mianzi iliyopandwa, miti ya matunda porini, mawe ya kusagia na makaburi. Nendeni kiangazi baada ya mavuno, nyasi zikiwa chini.

Mkifika, mwacheni mama atembee mbele. Simu ya kurekodia iwekwe juu ya kitambaa, mbali na upepo, na mtu mmoja tu aulize. Picha za zamani mtakazobeba kumwonyesha, andikeni majina nyuma kwa penseli laini: wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni.