Paa la Shilingi 800,000, Fidia ya Shilingi 324,000

Jumatatu iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja anayeishi Utawala, Nairobi. "Mwalimu," aliandika, "paa langu linavuja tangu masika yaanze, na fundi anasema bati lote limeliwa na kutu. Nina bima ya nyumba. Je, kampuni itanilipia paa jipya?" Nilimjibu kwa neno moja tu: haitalipa. Baadaye nikaona haya kwa ufupi wa jibu hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nililipa bima ya nyumba kwa miaka mingi nikiwa na imani kama yake, na imani hiyo ilinigharimu pesa ambazo bado nazirudisha kwenye sacco kila mwezi.

Bima ya nyumba hukinga ajali, haikingi uzee. Moto, radi, upepo mkali au bomba lililopasuka vikiharibu paa kwa ghafla, mna la kuzungumza na kampuni. Kutu iliyotafuna bati kwa miaka kumi, mchwa walioingia kwenye kenchi na mfereji ulioziba hadi maji yakarudi darini ni mzigo wa mwenye nyumba, na hati karibu zote husema hivyo waziwazi katika kurasa ambazo hatuzisomi. Mimi sikuzisoma.

Nyumba yangu iko Donholm, na niliinunua mwaka 2009 kwa mkopo wa benki. Mthamini wa benki aliandika kwamba gharama ya kuijenga upya ingekuwa shilingi milioni 3.6, na bima ikakatwa kwa kiasi hicho. Mkopo ulipoisha, nilifanya jambo ambalo majirani wengi hawakulifanya, yaani niliendelea kulipa bima mwenyewe, kwa hiari yangu, na nakiri kwamba nilijivuna. Katika mikutano ya mtaa niliwahubiria wenzangu kuhusu umuhimu wa bima. Wakala wangu alinipigia kila Januari, "Shikamoo mama, tunaendelea kama mwaka jana?" nami nikamjibu kwamba tunaendelea. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza kama saruji, mbao na mabati navyo viliendelea kuuzwa kama mwaka jana.

Usiku mmoja wa Aprili, mwaka juzi, upepo uliotangulia mvua uliezua upande mzima wa paa. Sitaeleza mengi kuhusu usiku huo. Inatosha kusema kwamba kenchi nne zilivunjika, dari ya vyumba viwili ilianguka juu ya vitanda, na bati moja tulilikuta asubuhi limejikunja kwenye lango la jirani. Nilinunua turubai kulipopambazuka, kwa kuwa mwenye bima anatakiwa kuzuia hasara isiongezeke, na nikamkataza fundi kugusa kifusi hadi nilipopiga picha kila pembe. Hayo mawili ndiyo niliyoyafanya sawasawa.

Makadirio ya fundi, kwa bati la aina ileile iliyokuwepo, pamoja na mbao, dari, mifereji na ufundi, yalifika shilingi 800,000. Nilijaza fomu ya madai nikiwa mtulivu kabisa. Siku chache baadaye akaja kijana mkadiriaji wa hasara, mpole, mwenye tabia nzuri, akapima nyumba nzima, hata vyumba ambavyo havikuguswa na upepo. Nilimuuliza kwa nini anapima jikoni ilhali kilichoezuliwa ni paa la vyumba vya kulala. Akasema, "Mama, lazima nijue nyumba yote ingejengwa kwa kiasi gani leo." Sikuelewa. Nilimpa chai.

Hesabu ilipokuja ilikuwa hivi. Kwanza, hati yangu ililipa thamani ya kitu baada ya kuondoa uchakavu, kwa hiyo wakakata asilimia 25, na 800,000 ikawa 600,000. Pili, kukawa na kifungu cha wastani. Gharama ya kuijenga upya nyumba yote ilikadiriwa kuwa shilingi milioni 6, nami nilikuwa nimeikatia bima ya milioni 3.6, yaani asilimia 60. Basi kampuni ingebeba asilimia 60 ya hasara, na zilizobaki zilihesabiwa kana kwamba nimejikatia bima mwenyewe. 600,000 ikawa 360,000. Mwisho, ikakatwa asilimia 10 ambayo hati iliniachia niibebe katika kila dai, nikabaki na shilingi 324,000.

Nimefundisha hisabati kwa miaka 27. Uwiano nimeufundisha kwa maembe, kwa lita za maziwa, kwa mafundi wanaojenga ukuta kwa siku tisa, na wapo wanafunzi wangu ambao leo ni wahandisi. Lakini nilikuwa nikidhani kwamba mtu aliyekata bima ya milioni 3.6 atalipwa hasara yoyote isiyozidi milioni 3.6. Sivyo, na hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa. Mwenye kukata bima ya sehemu tu ya nyumba yake hulipwa sehemu tu ya kila hasara, iwe ni nyumba nzima au ni mabati kumi.

Kilichoniuma zaidi ni bei ya kosa lenyewe. Kiwango changu cha bima ya jengo kilikuwa asilimia 0.15 kwa mwaka. Kwa milioni 3.6 nililipa shilingi 5,400. Kwa milioni 6 ningelipa 9,000. Tofauti ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Bila kifungu cha wastani ningepata 540,000 baada ya kukatwa ile asilimia 10, kwa hiyo kifungu hicho kiliniondolea shilingi 216,000, ambazo ni sawa na tofauti hiyo kwa miaka 60.

Hata hivyo sikukubali kila kitu. Pendekezo la kwanza la uchakavu lilikuwa asilimia 40, nami nikalikataa kwa barua. Nilikuwa na bahasha ya kaki yenye risiti za mwaka 2018, nilipopaka paa rangi, nikabadilisha misumari na kuzipaka mbao dawa ya mchwa, na ndizo zilizoshusha asilimia 40 hadi 25. Kampuni ilipoanza kunizungusha, nilitaja kwamba Sheria ya Bima inawapa siku 90 za kulipa dai tangu liliporipotiwa, na kwamba njia ya kwenda Upper Hill, kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, naijua. Hundi ilitoka siku ya 74. Wapo watakaosema ilikuwa sadfa.

Kwa hiyo nawasihi wenye nyumba wenzangu: chukueni hati zenu usiku huu na mtafute kiasi kilichoandikwa kwenye jengo. Msikilinganishe na bei ya kuuzia nyumba, kwa sababu bei hiyo ina ardhi ndani yake, na ardhi haiezuliwi. Kilinganisheni na gharama ya kujenga upya leo, aliyoikadiria mtu anayejua kukadiria, na mrudie kila mwaka kabla ya kulipa. Ulizeni kama fidia ni ya thamani ya kujenga upya au ya thamani baada ya uchakavu. Hifadhini risiti. Pigeni picha za paa likiwa zima. Narudia, hifadhini risiti. Anayetaka kupandisha hadhi, kama mimi niliyetoka bati la geji 30 nikaweka geji 28 ambalo ni nene zaidi, ajue tofauti hiyo inatoka mfukoni mwake.

Januari iliyofuata wakala alipiga simu na salamu zake zilezile. Nilimwambia kwamba hatuendelei kama mwaka jana, na nikamtajia kiasi kipya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa mama, wengi huwa hawaulizi."

Msomaji wangu wa Utawala naye amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa hati yake. Kuhusu kutu nimeshamweleza, na ameanza kutafuta mabati. Ila kiasi kilichoandikwa kwenye jengo ni kilekile cha mwaka aliohamia, kabla hajaongeza ghorofa. Kesho nitampigia simu.