Gonga, mwaga maji, kisha lipa: maswali yenu kuhusu mafundi wa bafu

Tumechagua maswali sita ya wasomaji wanaokarabati bafu. Karibu yote yanauliza jambo moja: mtu asiye fundi atajuaje kwamba kazi imefanyika sawasawa?

Fundi amemaliza kubandika marumaru. Kwa macho zinapendeza, lakini nikizigonga, baadhi zinalia kama debe tupu. Anasema marumaru zote hulia hivyo. Ni kweli? (Mama mwenye nyumba, Kimara)

Si kweli, mama. Marumaru iliyoshika hutoa mlio mzito na mfupi. Iliyo na uwazi nyuma yake ndiyo hulia kama debe. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga kila moja katikati na kwenye pembe zote nne, na panapolia bandika kipande cha tepu ya karatasi. Usiziruke pembe. Ndizo huachwa bila gundi, na ndizo hupasuka kwanza ndoo iliyojaa maji ikitua juu yake.

Mara nyingi chanzo ni ubandikaji wa mafungu matano ya gundi: manne karibu na pembe bila kuzifikia, moja katikati, kisha marumaru inakandamizwa ukutani. Kazi inakwenda haraka, na ukuta uliopinda unafichika. Bandua moja inayolia utajionea mwenyewe: mafungu matano yaliyolala kama chapati ndogo, na katikati yao mgongo wa marumaru ni msafi kabisa, hata maandishi ya kiwanda yanasomeka. Bafuni maji hupenya kwenye mianya na kutuama humo, na ukuta wa upande wa pili unaanza kuvimba rangi.

Gundi hupakwa kwa mwiko wa meno. Kwa marumaru ya sentimita 60 kwa 60, meno ya milimita 10 yanafaa, mistari yote ielekee upande mmoja, na mgongo wa marumaru nao upakwe tabaka jembamba. Siku nyingine, fundi akishabandika tatu za kwanza, mwombe abandue moja kabla gundi haijakauka. Ikiwa gundi imeenea karibu mgongo wote, aendelee.

Angalia pia alichobandikia. Marumaru ya poseleni, aina ngumu isiyo na vinyweleo, hainywi maji hata nusu asilimia ya uzito wake, kwa hiyo uji wa saruji hauna pa kung'ang'ania. Inahitaji gundi maalumu ya marumaru, na mfuko wa kilo 25 hutosha mita za mraba 4 hadi 5. Kama bafu lako lina mita za mraba 20 za kubandika na mifuko iliyotumika ni miwili, jibu unalo.

Msimamo wetu ni huu: sakafuni na kwenye eneo la shawa, kila inayolia ibanduliwe na kubandikwa upya kwa gharama ya fundi. Ukutani, mbali na maji, pembe moja inayolia unaweza kuisamehe.

Nikimaliza kuoga maji yanatuama kwenye kona ya mbali na tundu la kutolea maji. Fundi anasema akiongeza grauti yatakwisha. (Tanga)

Hayatakwisha. Grauti hujaza mwanya kati ya marumaru na marumaru, haiinui sakafu. Tatizo lako ni mteremko. Sakafu ya kuogea inapaswa kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Kama kona hiyo iko umbali wa mita moja na nusu, basi iwe juu ya tundu kwa sentimita 1.5 hadi 3. Laza ubao ulionyooka kutoka kwenye kona hadi kwenye tundu, weka pimamaji juu yake, inua ncha ya upande wa tundu mpaka tone la hewa likae katikati, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo.

Kosa kama hili huzaliwa kwenye sakafu ya saruji, kabla marumaru haijaletwa. Huzidi pale marumaru kubwa inapolazimishwa kwenye eneo dogo la kuogea. Kipande cha 60 kwa 60 hakiwezi kuteremka pande nne kwa wakati mmoja, ni lazima kikatwe kwa mshazari kuelekea kwenye tundu, au zitumike marumaru ndogo. Eneo hilo livunjwe. Safari hii mwaga ndoo nzima kwenye sakafu ya saruji iliyokauka, utazame maji yanakokimbilia, ndipo marumaru zibandikwe.

Kesho fundi bomba anataka kufunika mabomba ya PPR (ya plastiki, yanayounganishwa kwa kuchomwa) kwa lipu. Nikague nini leo? (Mwanza)

Umeuliza wakati mzuri kuliko wote, maana kesho jioni kosa lolote litakuwa ndani ya ukuta.

Anza na viungio, uinamie karibu kabisa kwa tochi. Bomba na elbo vikichomwa vizuri huacha pete ya plastiki iliyoyeyuka, yenye unene sawa kuzunguka bomba lote. Pete ikiwa nene upande mmoja na kukosekana upande mwingine, bomba liliingia limepinda, na hapo ndipo patavuja. Kwa bomba la milimita 20 mashine huwekwa nyuzi joto 260, bomba na kiungio hukaa kwenye moto kama sekunde 5, kisha bomba huingizwa karibu milimita 14 bila kuzungushwa. Anayechoma muda mrefu au kusukuma kupita kiasi huiyeyushia plastiki ndani ya tundu la bomba, likawa jembamba. Kiungio hakivuji, ila miezi yote utalalamika kwamba shawa inatoa maji membamba wakati bomba la jikoni lina nguvu.

Soma maandishi ya kwenye bomba. La maji moto liwe PN20 (PN ni daraja la presha), maana PN10 ni la maji baridi. Kwenye koki ya kuchanganyia ya ukutani, matundu mawili yaachane sentimita 15 kutoka katikati hadi katikati, yawe usawa mmoja kwa pimamaji, moto kushoto na baridi kulia.

Kisha jaribio la presha. Ncha zote zizibwe, hewa itolewe, na maji yasukumwe kwa pampu ya mkono yenye saa ya kupimia presha hadi bar 10. Mshale utashuka kidogo mwanzoni kwa sababu plastiki hutanuka. Aongeze, halafu pasiguswe kwa saa nzima. Mshale ukiendelea kushuka, kuna mahali panavuja. Usikubali neno la "tumefungulia maji ya tangi, hakuna tone". Tangi lililo mita 3 juu ya shawa hutoa presha ya bar 0.3 tu. Siku utakapofunga pampu, au maji ya mamlaka yakija kwa nguvu usiku, ndipo kiungio kibovu kitajitokeza.

Mwisho, piga picha kila ukuta, futi ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kona. Zitamwokoa atakayekuja kutoboa ukuta ili kufunga kioo.

Bafu liko ghorofani. Fundi amepaka dawa ya kuzuia maji na anataka kuanza marumaru. Nitajuaje kama imeshika? (Mombasa)

Lifurikishe kabla ya marumaru. Ziba tundu kwa tambara lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, weka tuta dogo mlangoni, jaza maji kina cha sentimita 3, chora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji na usubiri saa 24. Kupungua kwa milimita moja au mbili ni mvuke. Zaidi ya hapo, au doa likionekana kwenye dari ya chini, arudie. Mara nyingi maji hupita palepale: kwenye mzunguko wa tundu na kwenye kona ya sakafu na ukuta, ambapo dawa ilipakwa bila kitambaa cha kuimarishia. Dawa iwe mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili, wa pili ukikatisha wa kwanza, na ipande ukutani angalau sentimita 15, ila kwenye eneo la shawa ifike juu ya kichwa.

Nikigusa koki ya shawa ya umeme ninahisi kutekenywa. Fundi anasema ni kawaida kwa maji ya chumvi. (Tabata)

Zima breka sasa hivi, na mtu yeyote asioge hapo. Ni kweli kwamba maji ya chumvi ya visimani hupitisha umeme zaidi, na ndiyo maana zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji hayo. Lakini kutekenywa maana yake ni kwamba umeme unavuja na waya wa ethi, unaoupeleka umeme huo ardhini, haufanyi kazi, au haupo kabisa. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24, hivyo iwe na waya wake wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye breka yake, ethi iliyopimwa, na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Ukikuta waya wa milimita za mraba 2.5 uliounganishwa kwenye soketi ya chumbani, usimlipe aliyefunga mpaka aubadilishe.

Fundi anataka malipo yote siku ya kukabidhi. Nifanyeje bila kugombana naye? (Dodoma)

Mkubaliane kwa maandishi kabla ya nyundo ya kwanza, malipo yafungwe kwenye majaribio wala si kwenye siku. Sehemu ya kwanza ilipwe mabomba yakishinda presha, ya pili sakafu ikishinda kufurikishwa, ya tatu marumaru zikishagongwa. Asilimia 10 ya ufundi ibaki kwako kwa mwezi mmoja wa matumizi. Fundi mzuri hakasirishwi na hilo, kwa sababu naye linamlinda: kazi iliyokwisha kupimwa na kusainiwa huwezi kuigeuka baadaye. Kama bafu limekwisha na hamkuandikiana, kagueni pamoja yeye akiwepo, muandike kasoro na tarehe ya kuzirekebisha, na ulipe kilichokamilika.

Kabla hajaondoka, mwambie akuachie marumaru nzima tano au sita za kundi lilelile la kiwandani, namba iko ubavuni mwa boksi. Rangi hutofautiana kidogo kundi hadi kundi, na ya kuziba pengo hutaipata dukani mwakani.