Picha za chini ya maji: uzuri na ushahidi ni vitu viwili

Picha nyingi ninazoletewa nizisafishe ni za mabaki ya meli, na nyingi zina kasoro ileile: zimepigwa kutoka mbali. Maji humeza mwanga, na nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Ukifika mita tano hivi imeshafifia sana. Watu huhesabu kina tu, wakasahau kwamba nafasi iliyopo kati ya lenzi na kitu unachopiga, tuseme mtungi wa kale, nayo ni maji. Basi sogea. Tumia lenzi pana, na taa uziweke mbali pembeni, kwa sababu zikimulika maji yaliyo mbele ya kamera kila chembe itang'aa, na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Hifadhi faili ghafi (RAW, picha kama kamera ilivyoipokea), weka rula ya kipimo na kadi ya rangi ndani ya picha.

Kwenye kompyuta mimi huanza na CLAHE, mbinu ya kusafisha picha inayokoleza tofauti ya mwanga na giza kipande kwa kipande. Itumie kwenye mwangaza peke yake. Ukiitumia kwa nyekundu, kijani na buluu kila moja kivyake, rangi zitavurugika. Tena kwa kiasi, la sivyo mchanga mtupu utaota madoa. Mbinu zinazodhani wastani wa rangi zote ni kijivu sizipendi kwenye kina kirefu: nyekundu ikiwa haipo, kinachokuzwa ni chengachenga za kamera tu, si rangi.

Mwaka 2019 watafiti Derya Akkaynak na Tali Treibitz walitoa Sea-thru, njia inayorekebisha rangi kwa kufuata umbali wa kila pikseli. Kwa wanaakiolojia hii ni neema, kwani anayepiga picha nyingi zinazopishana ili ajenge modeli ya pande tatu ana umbali huo tayari.

Ninachowaonya zaidi ni mitandao ya neva, yaani programu za akili bandia, inayobuni picha upya. Inapendeza mno. Lakini mpini wa mtungi uliochorwa na mashine si ushahidi wa chochote, na kwa ripoti ya uchimbaji mimi siikubali hata kidogo. Tunza picha asili, andika kila hatua uliyopitia.

Na kama lengo ni mashine itambue vitu, usidhani picha inayokuvutia wewe itaisaidia yenyewe. Wakati mwingine usafishaji huipunguzia usahihi. Fundisha modeli moja ya utambuzi (programu inayojifunza kutoka kwenye picha) kwa picha ambazo hazijasafishwa na nyingine kwa zilizosafishwa, kisha ulinganishe mitungi iliyoonekana, iliyokosekana, na mawe yaliyoitwa mitungi. Iliyofundishwa kwa picha safi ipewe safi pia kazini. Tenga picha za majaribio kwa eneo, si kwa bahati nasibu: picha jirani zinapishana sana, hivyo mtungi uleule utakuwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani, nawe utashangilia alama ambazo meli nyingine haitakupa.