Mleta uzi, usitie sahihi Jumatatu kabla hujaipigia hesabu Mei

Usitie sahihi mkataba huo wa mkopo wa boti. Hayo mengine yote uliyouliza yanaweza kungoja, lakini hilo la Jumatatu lisimamishe kwanza.

Umeandika kwamba mwaka umekwisha vizuri, na kwamba Desemba peke yake umeingiza Sh180,000 kwa boti yako, wageni wa kijiji cha Shela, safari za kisiwa cha Manda Toto na matembezi ya jioni. Ukaweka malengo ya 2026: boti ya pili ya faiba kwa mkopo, rejesho la Sh45,000 kwa mwezi, kuoa baada ya Idd, kuacha shisha, kuhifadhi juzuu mbili, mazoezi ya asubuhi. Ukauliza mwaka uliopita unatathminiwa vipi, na malengo yaandikwe daftarini au kwenye simu. Walionitangulia wamekupongeza, na mmoja amekwambia ufikirie makubwa zaidi. Mimi siwezi kukupongeza, mdogo wangu, kwa sababu karatasi uliyoandika wewe niliwahi kuiandika, karibu neno kwa neno.

Mimi ni wa kazi hiyohiyo, Amu hapahapa, yaani Lamu. Mwaka wangu ule nao ulikwisha hivyo: kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, tulivu, maji meupe, wageni wanagombania nafasi. Mwisho wa Desemba ikafanyika semina ya vijana wenye biashara katika ukumbi wa hoteli. Akaletwa mhamasishaji kutoka Nairobi, kavaa koti la suti katika joto lile, jasho linamshuka hadi kwenye kola, lakini koti halivui. Akatugawia karatasi. Andika kipato cha mwezi huu, akasema. Zidisha kwa kumi na mbili, huo ndio mwaka wako. Sasa uongeze maradufu, hilo ndilo lengo lako. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na pembeni ya mlango alikuwa amekaa afisa mikopo na meza yake, fomu zimepangwa, kalamu zimefungwa kwa uzi.

Yule wa suti namsamehe. Kwake Mei ni mwezi kama miezi mingine. Alikuja na ndege ya Desemba na akaondoka na ndege ya Desemba. Ambaye moyo wangu haujamsamehe ni afisa mikopo, kwa sababu yule ni mtu wa pwani, kazaliwa huku, kala samaki wa huku, anajua mwezi gani hoteli hufunga milango. Aliniomba taarifa za pesa za miezi mitatu ya mwisho tu. Oktoba, Novemba, Desemba. Nikamuuliza, na masika je? Akanijibu: "Wewe ni mchapakazi, hukosi njia." Kijana, ukisikia mtu anakusifu uchapakazi wakati umemuuliza swali la hesabu, simama uondoke. Sifa si jibu. Amana ya mtu anayekuja kwako na dhamana ya familia yake si jambo la kufunikwa kwa sifa.

Sasa tazama kwa nini karatasi yako inakudanganya. 180,000 mara kumi na mbili ni 2,160,000. Rejesho la mwaka mzima ni 540,000. Robo tu! Nani ataogopa robo? Lakini hakuna mtu Amu anayepata Desemba kumi na mbili. Niambie Mei iliyopita uliingiza ngapi. Tuseme 25,000, na kwa boti ya wageni hiyo ni Mei ya heri. Rejesho moja limeimeza Mei yote na sehemu kubwa ya Juni, na hujala, hujanunua petroli, hujamlipa kijana wako wa botini.

Mimi nilitia sahihi. Januari, Februari na Machi rejesho lilitoka bila hata kulihisi. Nikawa najiona nimefika, naagiza turubai jipya, nawakaribisha watu chakula. Aprili upepo ukageuka, mvua zikaanza. Unapajua pale Shela mkondo unapotokea bahari kuu, mawimbi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, yanavyosimama. Maji ya Manda Toto yakachafuka, na hata kama yangekuwa safi, ni nani wa kumpeleka? Hoteli zimefunga, mafundi wako juu wanatengeneza makuti. Nikabaki na nauli za watu wa mtaani, ambazo zinatosha petroli na mkate. Na hapo hapo shule zikafungua muhula wa pili, karo. Rejesho halikujua kama kuna mvua. Tarehe ileile, kiasi kilekile, na ukichelewa faini juu.

Kwanza likaenda friza la mke wangu, alilokuwa akiuzia barafu na maji ya ukwaju. Hakusema kitu siku ile, na mpaka leo sijui kama ningependa aseme au asiseme. Halafu Juni wakaja watu wawili gatini. Mmoja akashuka botini, akalitoa tangi la petroli akaliweka gatini polepole, kwa adabu kabisa, kwa sababu tangi halikuwa kwenye orodha yao. Kisha akazungusha zile skrubu mbili za kushikia injini, akafungua mnyororo wa usalama, wakaipandisha injini kwenye mkokoteni, ingali na karatasi ya dukani upande mmoja. Nikadhani yamekwisha. Hayakwisha, kwa sababu dhamana niliyoweka ilikuwa mashua ya marehemu baba, iliyojengwa Matondoni, na deni lilikuwa bado linadai. Ikauzwa. Ndugu zangu walikuwa na haki katika mashua ile, na hilo ndilo lililonigharimu kuliko pesa yoyote. Wenzangu wa uwanja wa Mkunguni wanaosoma hapa wanaijua hadithi hii, na walikwisha kucheka wakachoka, kwa hiyo wasinirudie.

Nimeandika yote haya ili uishike kanuni moja: lengo lolote la pesa lipimwe kwa Mei. Andika lengo, kisha uliza, Mei inaweza kulibeba? Kama haiwezi, lifute, hata kama Desemba inaweza kulibeba mara nne. Na hiyo ni Mei ya kawaida. Sijakukumbusha Juni 2014, Mpeketoni, mji wa kaunti yetu hii, ilipovamiwa, kisha amri ya kutotoka nje usiku ikatukalia kwa miezi. Wala 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa Machi na kurudi Agosti. Mwenye rejesho miaka ile alilia mara mbili.

Umeuliza mwaka unatathminiwaje. Utoe taarifa yako ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili, usome kwa misimu ya pepo za bahari, usisome kwa Januari hadi Desemba. Weka fungu la masika, Aprili hadi Juni. Fungu la kusi, Julai hadi Septemba, maana Julai na Agosti Wazungu wana likizo na kazi hupatikana hata bahari ikiwa kali. Fungu la matlai, upepo wa mashariki, na mvua za vuli. Fungu la kaskazi. Katika kila fungu andika kilichoingia, kilichotoka, na nani alikudai. Ramadhani uiwekee alama peke yake, kwa sababu inasogea: 2024 na 2025 iliangukia Machi, 2026 inaingia Februari, katikati ya msimu wako mnono. Maulidi ya msikiti wetu wa Riyadha nayo hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo pesa ya wageni wa Maulidi usiiandike mwezi uleule kila mwaka.

Wazee wetu wa bahari walilijua hili. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hauwezi kumwambia nahodha pepo zinageuka lini, kwa hivyo wakawa na mwaka wa Nairuzi, wa jua, wakauhesabu kwa miongo, siku kumikumi. Makunduchi kule Unguja bado wanakoga mwaka, yaani sherehe ya mwaka mpya huo, Julai, wakati wa kusi. Mimi naipenda sana hesabu ile. Mtu anafunga mwaka akiwa ametoka kwenye shida, anajua hasa kilichobaki mkononi. Sisi tunaufunga Desemba, tumeshiba, mifuko imejaa, tunajipa malengo ya watu wengine.

Halafu harusi. Idd ya 2026 ni karibu Machi 20. Unataka kuoa baada ya hapo, yaani utoe mahari, ulishe watu, ununue vyombo, kisha uingie masika mfuko mtupu na rejesho la 45,000 likikungoja mlangoni, na mke mpya ndani ya nyumba. Oa, Mwenyezi Mungu akubariki, ndoa ni kheri. Lakini basi boti isiwe mwaka huu. Kama boti ni lazima, pesa ya kaskazi hii iweke, usiiguse, na uende sokoni Juni. Juni ndipo injini nzuri zinauzwa kwa bei ya shida, kwa sababu wenye madeni wanatafuta mtu mwenye pesa taslimu. Mimi nilikuwa upande wa kuuza, bei zile nazijua.

Na ukimpata mkopeshaji atakayekubali kuandika kwenye mkataba kwamba Aprili, Mei na Juni hulipi, au unalipa kidogo, na kaskazi unalipa zaidi, hapo tutazungumza vingine. Iandikwe, isiwe ya mdomo. Na usiniambie "lakini huu hauna riba." Hukumu ya riba waulize masheikh, mimi nazungumzia tarehe ya kulipa, na tarehe hiyo ipo kwenye kila mkopo. Na mashua, shamba au nyumba yenye jina la mzee visiwekwe dhamana kabisa. Weka kilicho chako.

Shisha iache tu, haihitaji mwaka mpya. Juzuu mbili Mungu akufanyie wepesi. Daftari au simu, sina la kukwambia, andika popote.

Leo usiku tafuta Mei iliyopita, mwezi mzima, iliyoingia na iliyotoka, uiandike hapa chini kabla ya Jumatatu. Futa majina ya watu, acha namba tu. Nitaipitia na wewe mstari kwa mstari, hata kama ni usiku wa manane.