Sakafu mpya, gari baya: handaki la upepo linakosea wapi?

Swali: Habari, mhandisi. Mimi ni shabiki wa Formula 1 hapa Nakuru. Mwaka 2024 Ferrari walileta sakafu mpya kwenye mbio za Uhispania, na wiki mbili baadaye, kwenye uwanja wa Silverstone, Uingereza, wakarudi kwenye ile ya zamani. Timu yenye handaki la upepo la kupulizia hewa modeli ya gari, kompyuta za kila aina na mamia ya wahandisi inawezaje kutengeneza kitu kinacholiharibu gari? La pili, usinicheke: nimefunga bawa kubwa nyuma ya Subaru yangu. Lina kazi yoyote?

Jibu: Sikucheki. Bawa lako tutalifikia, tuanze na sakafu, yaani upande wa chini wa gari unaotazama lami.

Sakafu ile ya Ferrari haikushindwa kuzalisha nguvu ya kulikandamiza gari chini. Iliizalisha, kama walivyotarajia. Tatizo ni kwamba kwenye kona za kasi gari lilianza kudundadunda, na dereva asiyeliamini gari lake huinua mguu kwenye pedali. Mkandamizo uliopo kwenye karatasi ukawa hautumiki barabarani.

Magari ya kanuni zilizoanza 2022 yalikuwa na mifereji miwili mipana chini ya tumbo. Hewa inaingia mbele, inabanwa pale sakafu inapokaribia lami, inaongeza kasi na presha yake inashuka. Kisha mfereji unapanuka kwenye difyuza, yaani sehemu ya nyuma ya sakafu inayoinuka, na hewa inatoka nyuma. Kwa kuwa presha ya juu ya gari ni kubwa kuliko ya chini, gari zima linasukumwa kwenye lami. Si jambo geni: timu ya Lotus walilianza 1977, na dereva wao Mario Andretti akachukua ubingwa wa 1978 kwa gari la namna hiyo. Lotus walifunga sketi pembeni, zikigusa lami, ili hewa ya nje isipenye chini. Sketi zilipigwa marufuku zamani. Kwenye magari haya ya 2022 kazi hiyo ilifanywa na hewa yenyewe: kingo za sakafu zilikatwa na kukunjwa ili zizalishe visulisuli vidogo vinavyosimama pembeni kama pazia. Timu ilipotangaza "ukingo mpya wa sakafu" na picha ikaonyesha mkato wa upana wa kidole, ilikuwa inashona pazia hilo upya.

Sasa fikiria gari linaongeza kasi. Mkandamizo unakua, springi zinabonyea, sakafu inashuka, mfereji unakuwa mwembamba zaidi, mkandamizo unazidi kukua. Inafika mahali nafasi ni ndogo mno, hewa inabanduka kwenye sakafu, na nguvu inapotea ghafla. Springi zinalirusha gari juu. Likiinuka hewa inashika tena, na mzunguko unaanza upya, mara kadhaa kwa sekunde. Kuruka huku kama pomboo ndiko kulikowashtua wahandisi kwenye majaribio ya Barcelona, Februari 2022. Miezi minne baadaye, kwenye mbio za Baku, Azerbaijan, dereva Lewis Hamilton alitoka kwenye Mercedes yake akishika mgongo. Mwaka 2023 FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, ikaamuru kingo za sakafu ziinuliwe milimita 15.

Swali lako hasa ni kwa nini hawakuliona mapema. Jibu langu ni kwamba handaki la upepo halidanganyi, lakini linajibu swali tofauti kidogo na lile linaloulizwa na lami.

Kanuni zinataka modeli isizidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari halisi, na upepo usizidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Tabia ya hewa inategemea kasi na ukubwa vikizidishwa pamoja. Piga hesabu: modeli ya asilimia 60 kwa kilomita 180 ni sawa na gari halisi likienda kilomita 108 kwa saa. Ndiyo, wanatabiri kona ya kilomita 250 kwa hewa ya kilomita 108! Juu ya hapo, modeli imeshikiliwa na nguzo juu ya mkanda unaozunguka badala ya barabara. Wanaishusha na kuipandisha hatua kwa hatua, wanapima, wanasogea. Gari halisi halisimami kupimwa. Linadunda na kuinama huku tairi zikibonyea. Katika kona halisi hewa inalifikia gari kwa mkunjo, ilhali upepo wa handaki unakuja umenyooka. Na lile pazia la visulisuli linapita karibu kabisa na tairi la nyuma. Tairi likivimba pembeni tofauti kidogo na la modeli, pazia linachanika.

Kompyuta nayo ina mipaka yake, tena muda wa kuitumia, kama ule wa handaki, hugawiwa kufuata nafasi ya timu kwenye msimamo: timu bingwa hupewa asilimia 70 ya kiwango cha msingi, ya kumi asilimia 115. Kwa hiyo timu iliyo mbele ndiyo yenye nafasi finyu zaidi ya kujaribu tena ikikosea.

Ndiyo maana Ijumaa, siku ya mazoezi kabla ya mbio, unaona mambo ya ajabu. Gari limepakwa rangi ya kijani inayong'aa, ambayo ni unga wa rangi uliochanganywa na mafuta mepesi kama mafuta ya taa. Hewa inauchora juu ya mwili wa gari, mafuta yanakauka, wahandisi wanapiga picha. Penye michirizi iliyonyooka hewa imeshika, penye madoa yaliyotuama imebanduka. Au utaona gari limebeba fremu kama chanja, imejaa mirija ya kupima presha. Dereva mmoja anapewa sakafu mpya, mwenzake ya zamani, kisha wanalinganisha. Ferrari walifanya hivyo hasa pale Silverstone. Walikuja kutuliza mdundo kwa marekebisho yaliyofuata, na dereva wao Charles Leclerc akashinda mbio za Monza, Italia, Septemba 2024.

Hata ulinganisho huo una mitego. Upepo unageuka, na lami inazidi kushika kadiri magari yanavyopita. Niliwahi kupoteza siku nzima nikisaka tofauti ya vipimo kwenye modeli, kumbe ni kipande cha utepe kilichobanduka chini ya tumbo.

Kuhusu Subaru. Nguvu ya bawa inakua kwa mraba wa kasi. Kwa kilomita 80 kwa saa unapata moja ya tisa tu ya ile ungepata kwa 240. Tena uko Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko Mombasa. Formula 1 wakienda Mexico City, zaidi ya mita 2,200, hufunga mabawa yao makubwa kabisa na bado gari linateleza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mahali ulipolifunga. Bawa lililo nyuma ya ekseli ya nyuma, likifanya kazi, linabonyeza mkia na kuinua pua, kama ubao wa pembea. Tairi za mbele zinapoteza mshiko, nawe unapiga usukani gari linataka kwenda moja kwa moja. Watu wa mashindano hawaongezi bawa la nyuma bila kugusa mbele. Habari njema ni kwamba kwa kasi ya barabarani halifanyi kazi ya kutosha kukudhuru. Hakikisha tu boliti zimeshika bodi yenyewe, si plastiki ya buti, na kama bado una pesa ya kutumia kwenye gari, nunua tairi nne nzuri.